Tathmini ya register_filesystem: mfumo wa faili wa ndani wa Linux unahitaji kusajiliwa lini?

Tunaipima hapa register_filesystem, huduma ya usajili ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux kwa jicho la mtu anayeandika mfumo wa faili wa ndani, yaani ule usiokaa kwenye diski, usiokusudiwa kupachikwa (mount) na mtumiaji, na ambao kazi yake yote ni kuipatia kerneli inodi (rekodi zinazowakilisha faili) za kuweka nyuma ya vifafanuzi vya faili (namba ambazo programu hushikia faili zilizofunguliwa). Hukumu itangulie: register_filesystem ni kitendakazi kifupi na cha kuaminika, ila waandishi wa mifumo ya ndani hukiita mara nyingi bila kukihitaji, na kukiita bure kuna gharama. Aina ya mfumo wa faili inastahili kusajiliwa pale tu ambapo mtu fulani, nje ya msimbo wako, ataitafuta kwa jina.

Chanzo cha mkanganyiko ni rahisi kukiona. Nyaraka za vfs.rst zinazokuja na kerneli zinaeleza kusajili na kupachika chini ya kichwa kimoja, na msomaji anaondoka akiamini kwamba jambo la kwanza ni sharti la la pili. Kwa mfumo wa kawaida kama ext4 imani hiyo haina madhara. Kwa mfumo wa ndani ni potofu.

Kinachofanyika hasa wakati wa kusajili

Faili ya fs/filesystems.c inatunza orodha moja ya vielekezi vya struct file_system_type, ikilindwa na kufuli moja. register_filesystem inaangalia kama jina lina nukta. Likiwa nayo, kerneli inaanguka papo hapo kwa BUG_ON, kwa kuwa nukta imetengwa kwa aina ndogo kama fuse.sshfs. Baada ya hapo inatazama kama struct hiyo tayari imeunganishwa na nyingine, kisha kama jina limeshachukuliwa. Katika hali zote mbili unarudishiwa kosa la -EBUSY. Mambo yakiwa sawa, struct inawekwa mwishoni mwa orodha, na kazi imeisha. Hakuna supabloku (rekodi kuu ya mfumo mmoja uliopachikwa) iliyoundwa, hakuna inodi, hakuna kumbukumbu iliyotengwa kwa ajili ya mfumo wako.

Wanaoisoma orodha hiyo ni wachache. Wa kwanza ni get_fs_type, inayotumika pale mtumiaji anapoita mount au fsopen akiwa na jina mkononi. Jina lisipopatikana, get_fs_type inaomba moduli (kipande cha msimbo kinachopakiwa kerneli ikiwa tayari inaendeshwa) yenye lakabu ya fs- ikifuatwa na jina hilo, halafu inatafuta tena. Wa pili ni /proc/filesystems. Wa tatu ni msimbo wa kuwasha mashine unaojaribu mifumo ya diski mmoja mmoja iwapo hukutaja rootfstype, kigezo cha aina ya mfumo wa mzizi. Ukiongeza mwito wa zamani wa sysfs, ambao haufai tena kutumiwa na programu mpya, umewamaliza.

kern_mount, kitendakazi ambacho kerneli hukitumia kupachika mfumo kwa ndani, haimo katika hesabu hiyo. Inapokea kielekezi cha struct yenyewe, inakipitisha kwa vfs_kern_mount pamoja na bendera ya SB_KERNMOUNT, na inakurudishia mpachiko ulio tayari bila kuigusa orodha ya majina. Mfumo ambao haujasajiliwa unapachikwa nayo sawasawa na uliosajiliwa.

Ushahidi uko kwenye mashine yoyote ya Linux. Fungua /proc/filesystems na utaona sockfs, pipefs na bdev, zote zikiwa na neno nodev (hazihitaji kifaa cha diski) mbele. Tafuta nsfs, pidfs, dmabuf au anon_inodefs: hazipo. Hata hivyo mifumo hiyo yote inafanya kazi muda wote mashine inapowaka, na kila eventfd au epoll (vifafanuzi vya kuarifu programu kuhusu matukio) iliyofunguliwa imekaa juu ya anon_inodefs. Soketi na mabomba yalisajiliwa zamani na majina yao yamebaki. pidfs, iliyoingia katika toleo la 6.9 mwaka 2024, haikusajiliwa tangu siku ya kwanza. Mfano mzito zaidi ni rootfs yenyewe, mfumo ambao kila kitu kingine kinapachikwa juu yake. Mwaka 2019, katika toleo la 5.3, usajili wake uliondolewa: msimbo wa kuwasha ukaanza kuishika struct moja kwa moja, na kinga iliyokuwa ikimzuia mtumiaji asipachike rootfs ya pili ikakosa sababu ya kuwapo. Usajili ulikuwa umefungua mlango, na msimbo mwingine ukaandikwa ili kuufunga.

Gharama ya kusajili bila sababu

Ukisajili, mtumiaji mkuu anaweza kuandika amri ya mount akitaja aina yako. Kama umeanzisha mfumo kwa init_pseudo, kitendakazi tutakachokieleza hapa chini, unalindwa na bendera ya SB_NOUSER, na amri itakataliwa kwa EINVAL. Lakini angalia mpangilio wa matukio: ukataaji unafanyika wakati wa kuunganisha mpachiko kwenye mti. Kabla ya hapo init_fs_context yako imeshaitwa, supabloku ya pili imeshaundwa, na baada ya kukataliwa kill_sb yako inaitwa kuibomoa. Kama kill_sb hiyo inaachilia kitu cha pamoja, kwa mfano hazina ya inodi au jedwali la vitambulisho ulilodhani lina mmiliki mmoja, umebomoa mfumo unaotumika kwa amri iliyoshindwa. Hitilafu hii haionekani katika majaribio ya kawaida, maana hakuna anayefikiria kupachika mfumo wa ndani.

Kama hukutumia init_pseudo na umesahau SB_NOUSER, hali ni mbaya zaidi: mpachiko unafanikiwa, na sasa kuna supabloku mbili za aina uliyoandika ukiamini ni moja. Ongeza na kosa la kuweka FS_USERNS_MOUNT katika fs_flags, na hata mtumiaji wa kawaida mwenye nafasi yake ya majina anaweza kufanya hivyo. Bendera hiyo haina kazi yoyote katika mfumo wa ndani.

Kuna pia gharama ya jina. Likishaonekana kwenye /proc/filesystems, litasomwa na programu usizozijua, na kuliondoa baadaye kutavunja kitu cha mtu.

Pale usajili unapostahili

Sababu halali zipo. Ya wazi ni mfumo unaotumiwa na kerneli kwa ndani na pia kupachikwa na mtumiaji. tmpfs ni mfano mzuri: kerneli ina mpachiko wake wa siri unaobeba kumbukumbu za pamoja na faili za memfd_create, na wakati huohuo mtumiaji anapachika tmpfs zake kwenye /tmp au /run. selinuxfs nayo inapachikwa na kerneli kwa ndani na pia inasajiliwa, na kuna sababu ya ziada: maktaba ya libselinux inasoma /proc/filesystems ikitafuta jina hilo ili kujua kama kerneli inaijua SELinux, mfumo wa usalama unaotumia lebo.

Katika kundi hili kuna uamuzi mmoja unaopotosha wengi: je, mtumiaji aone yaleyale ambayo kerneli inayaona? Kwa debugfs jibu ni ndiyo, kwa hiyo inatumia get_tree_single, na kila anayeipachika anafika kwenye supabloku ileile. Kwa tmpfs jibu ni hapana, hivyo inatumia get_tree_nodev, na kila mpachiko unapata supabloku yake. Ukikosea hapo, kerneli itaunda faili kwenye supabloku moja na mtumiaji atapachika nyingine iliyo tupu, bila ujumbe wowote wa kosa.

Sababu nyingine ni upakiaji wa moduli wa kiotomatiki. Ukitaka amri ya mount ivute moduli yako, sajili jina na uandike MODULE_ALIAS_FS. Tangu mwaka 2013, katika toleo la 3.9, mount inaomba tu moduli zenye lakabu inayoanza na fs-. Ukiisahau, mfumo utafanya kazi kwa anayepakia moduli kwa mkono na kushindwa kwa wengine wote, jambo linalochosha kulitafuta.

Jina lenyewe lina kazi hata bila usajili, kwa hiyo lichague kwa uangalifu. Sera za SELinux hulitumia jina lililo katika struct kuamua lebo za inodi. Kanuni za fs_use_task za pipefs na sockfs zinafanya kazi kwa njia hiyo. SELinux inalisoma jina kupitia supabloku, haipitii orodha ya usajili.

Kabla ya kuandika mfumo wako: anon_inode

Huduma ya anon_inode iliingia katika toleo la 2.6.22, mwaka 2007, pamoja na eventfd, signalfd na timerfd, na bado ndiyo tunayoipendekeza kwanza. Unaita anon_inode_getfd ukiwa na jina, file_operations, kielekezi chako na bendera, na unapata kifafanuzi cha faili. Huandiki struct wala kupachika chochote. KVM (mashine pepe), perf (upimaji wa utendaji) na bpf (programu ndogo ndani ya kerneli) zinaitumia.

Mpaka wake ni kwamba faili zote zinashiriki inodi moja. Mambo matatu yatakuonyesha kwamba umeuvuka. Programu zinahitaji kulinganisha vifafanuzi viwili kwa fstat ili kujua kama vinaelekeza kitu kimoja: kwa anon_inode namba ya inodi ni ileile daima. pidfd zilihama kwenda pidfs kwa sababu hiyo, na faida yake ni kubwa kwa yeyote anayesimamia michakato. Au unahitaji lebo ya usalama kwa kila faili, ingawa hapo kuna anon_inode_create_getfile inayounda inodi tofauti bila mfumo mpya. Au unahitaji address_space (rekodi ya kurasa za kumbukumbu za faili) yako mwenyewe, ili uweze kufuta ramani zote za kumbukumbu za kifaa kwa mwito mmoja wa unmap_mapping_range. Madereva ya DRM (sehemu ya michoro ya kerneli) yana mfumo mdogo wa ndani kwa ajili hiyo tu: sehemu ya kerneli inayosimamia kumbukumbu haikubali address_space isiyo na inodi, na inodi haipatikani bila supabloku.

init_pseudo na kern_mount

Ukiwa umefikia hapo, msimbo unaohitajika ni huu:

static int mfano_init_fs_context(struct fs_context *fc)
{
        struct pseudo_fs_context *ctx = init_pseudo(fc, MFANO_MAGIC);

        if (!ctx)
                return -ENOMEM;
        ctx->dops = &mfano_dentry_operations;
        return 0;
}

static struct file_system_type mfano_fs_type = {
        .name            = "mfano",
        .init_fs_context = mfano_init_fs_context,
        .kill_sb         = kill_anon_super,
};

Na katika kitendakazi cha kuanzisha:

        mfano_mnt = kern_mount(&mfano_fs_type);
        if (IS_ERR(mfano_mnt))
                return PTR_ERR(mfano_mnt);

Kiolesura hiki cha mwaka 2019 ni bora kuliko mount_pseudo iliyokitangulia. init_pseudo inaweka SB_NOUSER yenyewe, inaunda inodi ya mzizi na kuipa namba 1, na inakuwekea simple_super_operations usipotoa zako. Kama una hazina yako ya inodi, kama sockfs, jaza ctx->ops kabla ya kurudi.

Vitu vidogo katika msimbo huo vina uzito. kill_sb, kitendakazi cha kubomoa supabloku, lazima iwepo. Kerneli inaiita bila kuuliza, na ukiiacha wazi, mwito wa kwanza wa kubomoa supabloku unaruka kwenye anwani sifuri. Struct lazima iwe static, kwa kuwa ndani yake kuna funguo za lockdep (kikaguzi cha kufuli cha kerneli) zinazotumiwa na kila supabloku na inodi ya aina hiyo. Ukiitenga kwa kmalloc, lockdep italalamika. kern_mount hairudishi NULL inaposhindwa, kwa hiyo kulinganisha na NULL kunapitisha kosa kana kwamba ni mpachiko halali.

dops (vitendakazi vya majina ya faili) zinastahili nafasi kwa ajili ya d_dname. Ndiyo inayotoa maandishi ya pipe:[12345] unayoyaona ukisoma kiungo ndani ya /proc/PID/fd. Bila hiyo, anayechunguza mashine yenye tatizo ataona jina lisilomwambia chochote. MFANO_MAGIC nayo isiwe namba ya kubahatisha tu: pipefs ina 0x50495045 na sockfs ina 0x534F434B, ambazo ni herufi PIPE na SOCK kwa ASCII. Unaweza kuithibitisha hivi:

echo | stat -f -c %t /proc/self/fd/0

Jibu litakuwa 50495045. Ukimaliza kuandika mfumo wako, fanya hivyohivyo kwa kifafanuzi chake. Ni njia ya haraka ya kuhakikisha kwamba faili zimekaa kwenye supabloku uliyokusudia.

Kwa inodi zenyewe, soketi na mabomba hutumia new_inode_pseudo, ambayo haiingizi inodi kwenye orodha ya supabloku. Ni nyepesi, lakini chochote kinachotembea juu ya orodha hiyo hakitaiona. Namba kutoka get_next_ino ni za biti 32 na huzunguka, kwa hiyo usizitumie kama kitambulisho cha kudumu. Kama upekee ndio sababu ya kuacha anon_inode, tengeneza namba zako za biti 64.

Moduli: hapa ndipo wengi wanakwama

Kwa msimbo uliojengwa ndani ya kerneli, yote ya juu yanatosha. Kwa moduli inayoweza kuondolewa kuna mtego. Ukiweka .owner = THIS_MODULE, kama inavyotakiwa, kila supabloku ya aina yako inashika rejeleo la moduli. Sasa ukiita kern_mount ndani ya module_init, moduli inajishika yenyewe. lsmod itaonyesha 1, rmmod itasema moduli inatumika, na module_exit uliyoweka kern_unmount ndani yake haitafikiwa kamwe. Kuondoa .owner ili rmmod ikubali si suluhisho: unabadilisha moduli isiyoondoka kuwa moduli inayoweza kuondoka huku faili zake zikiwa wazi.

Jibu ni simple_pin_fs. Unaipa aina, kielekezi cha mpachiko na kihesabu. Mara ya kwanza inapachika, mara zinazofuata inaongeza hesabu tu, na simple_release_fs inapoirudisha hesabu sifuri, mpachiko unaondoka na rejeleo la moduli linaachiliwa. DRM inaita simple_pin_fs kila inapounda inodi ya kifaa na kuachia kifaa kinapoondoka. Moduli isiyo na kifaa haina supabloku, na inaondoka bila shida. Ni huduma ndogo iliyofikiriwa vizuri, na inasikitisha kwamba haitajwi zaidi.

Mtego wa pili uko kwenye alloc_file_pseudo, unayoitumia kuunganisha inodi, mpachiko na file_operations kuwa faili. Yenyewe haichukui rejeleo la moduli kwa ajili ya file_operations, lakini faili inapofungwa kwa mara ya mwisho kerneli inaachilia rejeleo la fops->owner, yaani owner wa file_operations. Kwa hiyo lazima ulichukue mwenyewe kwa try_module_get kabla ya mwito, kama anon_inode_getfile inavyofanya kwa niaba ya wanaoiita. Ukiruka hatua hiyo, hesabu ya moduli inashuka mara moja zaidi kwa kila faili inayofungwa. Na alloc_file_pseudo ikishindwa, inodi bado ni yako: iite iput, kisha module_put.

Kuondoa

Mpachiko uliotoka kern_mount uachiliwe kwa kern_unmount, siyo mntput. kern_mount huutia mpachiko alama kuwa ni wa ndani na wa muda mrefu, na mntput ikiiona alama hiyo inapunguza hesabu na kurudi bila kuangalia kama ni rejeleo la mwisho. Matokeo yake supabloku inabaki milele. kern_unmount inaiondoa alama, inasubiri RCU (utaratibu wa kungoja wasomaji wa data wamalize), ndipo inapunguza hesabu kwa ukaguzi kamili.

Kama ulisajili, unregister_filesystem inalitoa jina kwenye orodha na kusubiri RCU. Haikagui kama kuna mpachiko unaotumika, kwa hiyo usiitegemee kama kinga, kinga ni .owner. Inarudisha -EINVAL kama struct haikuwa kwenye orodha, na ukiona jibu hilo wakati wa kuondoka, njia yako ya kurudi nyuma baada ya kosa ina kasoro. Mpangilio wa sock_init katika net/socket.c unafaa kuigwa: hazina ya inodi kwanza, kisha usajili, kisha kern_mount, na kern_mount ikishindwa usajili unafutwa kabla ya kurudi.

Angalia pia wakati wa kuanzisha. sockfs inaanzishwa kwa core_initcall (mojawapo ya viwango vya mapema vya kuanzisha kerneli) kwa sababu sehemu nyingine za kerneli zinafungua soketi mapema sana, ilhali pipefs inangoja fs_initcall, kiwango cha baadaye. Kama kuna dereva atakayeomba faili kutoka mfumo wako katika kiwango kilekile cha initcall, mpangilio utaamuliwa na mfuatano wa kuunganisha faili za msimbo wakati wa kujenga kerneli. Chagua kiwango kinachotangulia kile cha mtumiaji wako wa kwanza.